Korongo Lililongoja Wageni

Shamba la kanisa letu pale Uthiru, pembezoni mwa jiji, linateremka kwa kasi hadi kijitoni. Katika miaka ya elfu mbili, nyumba za mabati zilipoongezeka juu yetu na maji yake yakakosa pa kwenda, mvua ilitukatia korongo katikati ya mteremko. Lilianza kama mtaro wa kurukwa tu. Baadaye lilipinda, likaelekea kipande alichokodi jirani yangu, mjane aliyetoka mkoa wa Magharibi na watoto wake. Kufikia Januari ninayoisimulia, choo chake kilikuwa kimeshakwenda na ukingo umelikaribia jiko lake.

Wafadhili walitusaidia, na mimi si mtu wa kusahau wema. Walituletea sururu, sepetu na miche ya nyasi ya nepia. Wakatufundisha kupima matuta kwa kamba na pima maji ya fundi, udongo usihame. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yao kila asubuhi. Tulichimba matuta upande wote wa juu. Korongo tukaliacha la mwisho kwa kuwa lilitaka mawe mengi.

Mawe yalipokuwa tayari, afisa wao, msichana mpole aliyeniita shosho kama nyanya yake, alisimama ukingoni akasema, "Shosho, hii mngeiacha kwanza. Wageni wanakuja baada ya Pasaka. Lazima waone shida, ndio watupee waya ya kufungia mawe."

"Na mvua nayo inakuja lini?"

"Si hata mwaka jana ilichelewa, shosho?"

Mwenyekiti wa kikundi chetu, mzee mwenzangu wa kanisa, akamuunga mkono. "Tungoje tu. Si wewe ndiye hutufundishanga subira?"

Watu wakacheka. Nilicheka pia, lakini lilinichoma. Nimefunzwa dini tangu utotoni, na kungoja ninakujua. Nilimngoja Mungu katika ugonjwa wa mume wangu, nikamngoja mtoto aliyepotea njia hadi akarudi. Hakuna aliyewahi kunifundisha kumwacha jirani ukingoni ili shida yake ionekane vizuri.

Wiki hiyo nilikwenda ofisini kwao, katikati ya jiji. Ukutani palikuwa na picha kubwa ndani ya fremu: korongo letu. Ng'ambo yake ilionekana kamba ya jirani, na sare za shule za watoto wake zimeanikwa. Yule msichana alinipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Shosho, mimi nakuelewa. Lakini ripoti ishaandikwa."

"Basi iandikeni tena, mwanangu."

Jumamosi niliingia korongoni na sururu. Sikumwita mtu. Jirani akatoka akinishangaa. "Mama, si walisema tuache?"

"Walisema wao. Shika jiwe."

Kabla jua halijapanda sana, wanawake wa kikundi walikuwa wameanza kushuka mmoja mmoja. Mwenyekiti alifika wa mwisho, akinung'unika. "Tukikosa hiyo waya, ni wewe."

"Ni mimi," nikamwambia. "Sasa lete lile kubwa."

Tulipanga mawe kukingama korongo, ukuta mmoja chini ya mwingine, tukapanda nepia kandokando.

Mvua kubwa ilitukuta ibadani, kabla ya Pasaka. Mabati ya kanisa yalimeza sauti ya mhubiri, nami niliomba macho yakiwa wazi. Ibada ilipokwisha, jirani alitutangulia sote mbio. Maji mekundu yalikuwa yanagonga mawe, yanapunguza mwendo, yanaacha tope nyuma ya kila ukuta. Ukuta mmoja ulikuwa umebomoka. Jiko lilikuwa limesimama.

Wageni walikuja na kamera zao. Afisa alinivuta kando. "Shosho, mmeniharibia. Sasa nitawaonyesha nini?"

"Waonyeshe jiko," nikasema. "Na waambie kuna chai."

Waliinywa kwa adabu, wakapiga picha chache, wakaenda. Waya ilipelekwa kwingine, na ninaomba huko iwe imeokoa udongo wa watu. Sisi tulijenga upya ukuta uliobomoka kwa mikono yetu. Mwenyekiti aliendelea kunilaumu kila tulipokutana, mpaka nepia ikamzidi kimo. Siku aliyokuja kuomba ya ng'ombe wake, nilimkatia mzigo mzima, nikamsaidia kuufunga. Msamaha sikumwomba.