Mimi Siandiki Majina

Mkufunzi wangu wa chuo cha ualimu pale Arua alikuwa na dawa moja tu kwa kila mtu aliyetaka kuandika hadithi: kaa. Kaa mahali pale pale, wakati ule ule, kila siku, upende usipende, na hadithi itakuja yenyewe. Mwaka wa 1979, serikali ilipoanguka, tulikimbia sote, yeye kwa njia yake na mimi kwa yangu, na miaka yote niliyoishi kambini Sudan niliyabeba maneno yale kama wengine walivyobeba sufuria. Jambo ambalo hakuniambia ni kwamba yeye alikuwa na chumba chenye mlango, mlango wenye komeo, na nje ya mlango mke wa kuwaambia wageni kwamba mwalimu amelala. Kwa mpango huo hata mbuzi angeandika.

Tuliporudi Koboko, mimi na mama yangu, nyumba ya marehemu baba ilikuwa imebaki kuta na majani. Tuliezeka chumba kimoja na baraza. Chumba kilikuwa giza hata saa sita mchana, kwa hiyo meza yangu ikakaa barazani, ikitazama njia ya kwenda sokoni. Nikapata kazi shule ya msingi. Darasani hapakuwa na kitabu hata kimoja cha hadithi, nami nikajiwekea sheria: kila siku baada ya sala ya alfajiri nitaandika mpaka kengele ya shule, na kila Ijumaa nitakuwa na hadithi fupi ya kuwasomea watoto. Kurasa chache tu. Sikuwa nimeomba kasri.

Asubuhi ya kwanza nilianza na dereva mmoja wa lori pale Oraba, mpakani, ambaye amepewa ruhusa ya kuvuka na anapanda garini. Nilikuwa nimemfikisha mguu mmoja kwenye ngazi ya lori nilipoinua macho. Wanawake walikuwa wamekaa chini mbele ya baraza, mmoja nyuma ya mwenzake, kanga zimefunika magoti, wananitazama mkono.

"Mwalimu, andika mimi," akasema wa mbele. "Watoto yangu iko mingi, na mama mzee iko."

Nilichukua muda kuelewa. Kambini, mtu aliyekaa mezani asubuhi na kalamu mkononi alikuwa na kazi moja tu, kuandika majina ya kadi za mgao. Mahindi, mafuta, blanketi. Ukiona meza na kalamu huulizi kitu, unajipanga, maana ukingoja kuuliza utakuta foleni imefika mtoni. Na siku ya kugawa, majina yanasomwa kwa sauti, na kila jina likisomwa lazima mtu ajibu "Iko!" Usipojibu, fungu lako linarudi guniani na jina linakatwa. Tulikuwa tumerudi nyumbani, lakini mazoea ya kambi tulikuja nayo mguu kwa mguu.

"Mimi siandiki majina," nikawaambia. "Naandika hadithi."

"Hadithi ya nani?"

"Ya dereva wa Oraba."

"Yeye iko ndugu yako?"

"Hapana, mama. Hayupo. Nimemtunga mwenyewe."

Wakatazamana. Yule wa mbele akanijibu polepole, kama anayeongea na mgonjwa: "Mutu hapana iko, wewe naandika yeye. Sisi iko hapa, wewe nakataa."

Kengele ikalia. Dereva akabaki na mguu mmoja hewani.

Kesho yake walikuja tena, na kesho kutwa. Nilieleza mpaka koo likakauka. Nikawasomea ukurasa mzima wa dereva wangu ili waone hamna mahindi humo. Walisikiliza kwa adabu, wakashukuru, kisha wakauliza majina yataandikwa lini. Nikahamishia meza nyuma ya nyumba. Mtaani zikavuma habari kwamba mwalimu anaandika jamaa zake kwa siri. Nikaingia chumbani na taa ya mafuta, hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana wake wa waliokuwa askari wa serikali iliyoanguka walianza kuulizana ninawaandika kwa ajili ya nani, na jirani mmoja akaacha kumsalimia mama. Nikarudi barazani. Angalau pale nilikuwa mjinga hadharani.

Mama ndiye aliyenimaliza. Kwake hakuna mtu anayeketi mbele ya nyumba bila kupewa chai, awe mgeni au mwizi. Alipoona foleni akainjika birika kubwa, akapitisha vikombe. Nikamwambia, mama, ukiwapa chai hawataondoka. Akanijibu, "Na kama hapana kupa, watu itasema nini?" Basi wakaja na wale ambao hata habari za majina hawakuwa nazo, walikuja kunywa chai.

Ijumaa ya kwanza nilienda darasani mikono mitupu. Ya pili vile vile. Watoto wakaanza kuniuliza, na mtoto akikuuliza jambo uliloahidi kwa kinywa chako, unatamani ardhi ipasuke. Likizo ilipofika nikadandia lori hadi Arua kumtafuta mkufunzi wangu, nimweleze kwamba dawa yake haifanyi kazi upande wetu. Alikuwa amerudi, nyumba ile ile. Mke wake alikuja mlangoni akaniambia mwalimu amelala. Nilirudi Koboko siku hiyo hiyo, na njia nzima nilimtukana kimoyomoyo.

Mvua zilipoanza watu walienda shambani na foleni ikapungua. Akabaki mmoja. Alikuwa mwanamke wa makamo, akitembea kwa miguu kutoka Ludara, na alifika kabla sijatandua mkeka wa sala. Huyu hakuomba kitu wala hakutaja idadi ya watoto. Hata chai ya mama aliipokea akaiacha ipoe. Kila siku alisema neno lile lile: "Andika mimi. Halafu soma." Na kila siku nilimjibu hakuna mahindi, mama, hakuna blanketi, wala mimi si mtu wa serikali. Anaitikia kwa kichwa, anakaa, anangoja. Jaribu kumtoa mtu lorini au kumwingiza huku macho ya mwingine yamekukaa shingoni.

Asubuhi moja uvumilivu ulikatika. Niligeuza karatasi ya dereva, nikagonga meza kwa kalamu.

"Haya! Majina!"

Hakushtuka. Akavua viatu, akapanda barazani, akataja jina lake na majina ya watoto wake watatu, wavulana wawili na msichana. Nikaandika haraka haraka, mwandiko wa hasira.

"Soma," akasema. "Soma kama kule."

Nikasimama, nikasoma kwa sauti kama makarani wa kambi. Jina lake.

"Iko."

La mvulana mkubwa. "Iko." La mdogo. "Iko."

La msichana. Kimya. Nikadhani hakusikia, nikasoma tena kwa sauti zaidi. Mama akatoka jikoni na kitambaa mkononi, akasimama mlangoni. Nikasoma mara nyingine.

"Hapana iko," akasema yule mwanamke.

"Ameenda wapi?"

"Yeye kufa. Kule. Mvua ya kwanza, ugonjwa ya tumbo." Aliongea akiitazama karatasi, si mimi. "Kama mimi nalia, mutu ya kadi nasikia, nakata jina. Sasa hawa wawili itakula nini? Mimi nazika yeye asubuhi, jua bado. Hapana kulia. Siku ya mahindi wanasoma jina yake, mimi nasema iko. Kila siku ya mahindi, mpaka tunarudi. Mutoto amekufa, na yeye nalisha sisi."

Mama alikuwa ameketi palepale kizingitini.

"Mimi nataka mutu ya kalamu asome," akasema, "na mimi naweza kusema hapana iko."

Kisha akalia. Kilikuwa kilio cha miaka, kilitoka kikubwa kuliko yeye mwenyewe, kikaenda mpaka sokoni. Mama akamshika na yeye akalia. Majirani wakaja mbio wakidhani msiba umetufika sisi, na walipoambiwa hawakuuliza umetokea lini. Walitandika mikeka. Yule jirani aliyeacha kumsalimia mama alikuja na kuni kichwani. Meza yangu ilibebwa uani ikapangiwa sahani, na matanga ya mtoto wa Ludara yakakaliwa mbele ya nyumba yetu kama ilivyopasa, kwa uji na Kurani na vilio vya mwanzo na vya mwisho.

Kengele ya shule ililia nikiwa nachota maji. Nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia yule mwanamke kwa kutoniambia tangu siku ya kwanza, nikawakasirikia makarani wote na midomo yao ya kusoma majina, na juu ya yote nilijikasirikia mwenyewe kwa lile neno "mahindi" nililomtupia kila asubuhi. Ijumaa ile pia sikuwa na hadithi.

Matanga yalipoanuliwa, mwanamke akaaga, akaenda zake Ludara. Nikairudisha meza barazani, nikaifuta masizi. Alfajiri iliyofuata nilikaa mahali pale pale, wakati ule ule. Hapakuwa na foleni. Njia ilikuwa tupu na hewa ina harufu ya mvua. Dereva wangu alikuwa bado na mguu mmoja kwenye ngazi, maskini, nami nikaishika kalamu nimpandishe.

Kivuli kikaanguka kwenye karatasi. Alikuwa mmoja wa wale wa siku ya kwanza, yule aliyekuwa mbele kabisa, mwenye watoto wengi.

"Mwalimu," akasema, "mimi pia iko na mmoja."

Nilishusha pumzi mpaka karatasi ikatikisika. Nikamweka dereva kando, nikachukua ukurasa mweupe.

"Kaa, mama," nikamwambia. "Taja jina."