Mwaka wa Pili Chuoni

Baba alikuwa skwota kwenye shamba la Kaburu mmoja upande wa Kiplombe. Tulilima na kuchunga ng'ombe wetu pale kwa ruhusa yake, na kila mwanamume wa nyumba yetu alilazimika kufanya kazi kwenye ngano. Mimi peke yangu niliponyoka. Nilifaulu mitihani, nikapata nafasi katika chuo kikuu ng'ambo ya mpaka, Uganda.

Nilikuwa mwaka wa pili wakati dada yangu alipotokea bwenini, miguu imevimba kwa safari ya gari la moshi.

"Baba amekutuma?"

"Baba hajui niko hapa. Angenizuia." Akaketi kitandani. "Bwana mkubwa amesema usipofika kuvuna, sote tutoke na ng'ombe wetu. Baba amejibu heri tutoke. Atoke aende wapi, na kile kifua chake?"

Nilienda kwa mkuu wa chuo kuomba nirudi baada ya mavuno. Alikuwa Mzungu mpole. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ukiondoka, nafasi yako atapewa mwingine."

Muhula uliotangulia, mwenzangu wa chumbani, mtoto wa chifu, alikaa kwao wiki nyingi kwa sababu ya harusi ya kaka yake, na hakuna aliyemwambia neno. Sikulitaja hilo. Lingenisaidia nini?

Tulishuka stesheni ya Eldoret asubuhi, baridi imeshika. Baba aliponiona aliweka jembe chini, akaingia ndani. Hakula siku hiyo. Baadaye aliniambia, "Heri ningefukuzwa, nife baba wa msomi."

Nikavuna. Nilibeba magunia pamoja na vijana niliowahi kuwafundisha kusoma. Nyapara aliniita "Profesa", wote wakacheka, nami nikacheka.

Mwaka uliofuata Kaburu alileta mashine ya kuvuna, akatufukuza sote. Ng'ombe tuliwauza kwa haraka. Baba alifia kwenye kibanda cha jamaa kabla mvua haijaanza.

Chuo nilikiandikia, nikaandika tena. Hawakujibu. Nikapata kazi dukani kwa Mhindi mjini, kupima misumari. Siku moja mwalimu wangu wa zamani wa shule ya misheni alinikuta barabarani. Akavua kofia kunisalimu, mzee yule, kama anayemsalimu mkubwa wake.

"Unamaliza lini, mwanangu?"

"Bado kidogo, Mwalimu," nikamjibu.