Besi Ndani ya Gari la Muchangi

Katika kwaya ya kanisa letu pale Giakanja, sehemu za Tetu, Muchangi alisimama mwisho kabisa wa mstari wa nyuma, karibu na dirisha, na hakuna aliyewahi kumsogeza. Alikuwa mtu wa Embu aliyekuja Tetu kikazi akiwa kijana, akaoa huku, akabaki. Kazi yake ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mbegu za fahali zilizogandishwa. Mfugaji akiona ng'ombe wake amepata joto la kutaka kupandwa alituma mtu kwa Muchangi, naye alifika na mtungi wake wa chuma unaofuka baridi, akavaa glavu ndefu mpaka begani, akamaliza kazi, kisha akaomba maji ya kunawa. Kila mtu alimwita Daktari, ingawa mwenyewe alikataa. "Mimi si daktari," alizoea kusema. "Mimi ni mshenga wa ng'ombe."

Sauti yake ilikuwa nzito ajabu. Akiongea zizini, hata ndama wakorofi walitulia. Akiimba na kushuka kwenye neno la mwisho la ubeti, sisi wenzake wa besi tulihisi mbao za benchi zikitetemeka chini ya viganja vyetu, na ukweli ni kwamba wengi wetu hatukuimba sana. Tulimwegemea. Mwaka wa 1988 kwaya ilirekodi kaseti pale kanisani, kwa maikrofoni za kuazima, na katika wimbo mmoja wa mavuno ubeti wa tatu ulianza kwa besi peke yake. Ubeti huo tulimwachia Muchangi.

Mapema mwaka wa 1995 shingo yake ikaanza kuvimba. Alifunga skafu akasema ni baridi ya mlima. Mkewe Wacera, aliyekuwa akiongoza kwaya yetu na kuimba soprano, hakukubali maneno ya skafu. Alimpeleka hospitali, wakatumwa Nairobi, na huko daktari wa upasuaji akawaketisha wote wawili akawaeleza bila kuzungusha.

"Uvimbe huu ni mbaya na lazima utoke," alisema. "Lakini umejikunja kwenye mshipa unaoendesha sauti. Naweza kukuokoa, halafu uamke bila sauti."

Muchangi alimtazama mkewe. Alikuwa ameishika mkononi skafu aliyoivua shingoni.

"Toa, daktari," Wacera akasema. "Sisi tunataka mtu."

Aliamka akiwa hai, na sauti ikiwa imebaki mnong'ono tu, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Akarudi Giakanja akaendelea na ng'ombe wake. Wafugaji walijifunza kumsogelea na kuinamisha kichwa akiongea. Kila asubuhi alimshukuru Mungu kwa kuamka, na hakuna aliyemsikia akinung'unika. Kwaya tu ndiyo aliyoiacha. Jumamosi alimleta Wacera mazoezini, akamfungulia mlango, kisha yeye akabaki uwanjani ndani ya gari mpaka tumalize.

Gari lenyewe lilikuwa la kijivu, mtumba kutoka Japani, moja ya yale yaliyojaa barabara zetu miaka hiyo. Lilikuja na muziki wake wa kiwandani: redio ya kaseti, spika ndogo milangoni, na sabwufa, yaani ile spika ya sauti nzito, iliyofungwa chini ya ubao wa dirisha la nyuma. Akitungoja pale uwanjani, Muchangi aliweka ile kaseti ya kwaya. Alimsikia Wacera vizuri, akasikia alto, akasikia tenor. Ubeti wa tatu ulipofika, alisikia kitu kama nzi ndani ya mkebe.

"Hawakunishika," alimnong'oneza Wacera siku moja wakienda nyumbani. "Maikrofoni ilikuwa mbali na mimi."

Wacera aliamini hivyo pia. Sote tuliamini. Kila mmoja aliisikiliza kaseti ile kwa karedio kadogo ka nyumbani, na besi haikuwapo.

Agosti ya mwaka uliofuata, Gatimu, mfugaji jirani yao, alimwoza binti yake. Muziki wa harusi uliletwa na Theuri, fundi wa redio kutoka mjini Nyeri, aliyekuja na spika ndefu kama kabati. Bibi harusi alichelewa, kanda za Theuri zikaisha utamu, na mama mmoja wa kanisa akamletea kaseti yetu ili watu wasichoke kungoja. Muchangi alikuwa chini ya hema, sahani ya pilau magotini.

Nyimbo zikapita. Kisha ubeti wa tatu wa wimbo wa mavuno ukaanza, na sauti ikatoka kama inatoka ardhini. Watu waliacha kutafuna. Wazee waligeuka kumtazama Muchangi, wakidhani amepona ghafla. Yeye alikuwa amesimama, na pilau ilikuwa imemwagika kwenye viatu vyake.

Wacera aliacha sufuria alizokuwa akipakulia akaja mbio kwa mumewe. "Baba Nyawira, umesikia?"

Muchangi aliitikia kwa kichwa. Alitembea moja kwa moja mpaka kwa Theuri, akamshika begani. Theuri aliinama kumsikiliza.

"Hiyo ni mimi."

"Ati nani?"

"Hiyo besi. Ni mimi."

Theuri alimtazama shingoni, akaona kovu. Alirudisha kaseti nyuma, akaongeza sauti, akaucheza ubeti ule upya, ingawa magari ya bibi harusi yalikuwa yameshaanza kupiga honi langoni.

Ulipokwisha, Muchangi alimwambia, "Kwa gari yangu haisikiki."

"Sauti iko kwa kanda, Daktari," Theuri akajibu. "Ni gari ndiyo haina nguvu ya kuitoa. Kuja nayo mjini."

Akaenda wiki hiyo hiyo. Karakana ya Theuri ilikuwa nyuma ya soko, kibanda cha mabati kilichopakana na mtu wa kuchomelea milango. Theuri alifungua ubao wa nyuma, akaitoa ile sabwufa ya kiwandani na kuiweka kwenye kiganja cha Muchangi. Karatasi yake ilikuwa imekauka kwa jua la dirishani, ukingo umepasuka, na sumaku yake ilikuwa ndogo kama kifuniko cha chupa ya maziwa.

"Sauti nzito ni hewa," Theuri alimweleza. "Spika lazima isukume hewa mingi. Hii imeachwa wazi tu. Ikisukuma mbele, nyuma inavuta, hizo hewa zinakutana na kumalizana. Tutaweka kubwa, tuifungie ndani ya boksi isipumue ovyo, na tuipatie amplifaya yake ya kuongeza nguvu, na waya mnene kutoka kwa betri."

Alitengeneza boksi la mbao zilizoshikana, akaziba kila ufa kwa gundi, akafunga spika mpya pana. Walipojaribu, hata yule mtu wa kuchomelea alikuja kuchungulia. Muchangi alitabasamu mpaka alipoenda kuuchukua mtungi wake wa mbegu kuurudisha kwenye buti la gari. Haukuingia. Boksi lilikuwa limejaza buti lote.

"Na ng'ombe?" alinong'ona.

Theuri alikuna kichwa. "Mtungi si uende kwa kiti ya nyuma?"

"Hapo hukaa wanakwaya. Na ukipinduka ndani ya gari, hiyo baridi inaunguza kama moto. Hiyo hewa yake pia si ya kufungiana nayo."

Mtu mwingine angesema kazi imekwisha, chukua gari lako. Theuri alichukua nyundo akalibomoa boksi lake mwenyewe. Alipima upya, akaunda lingine jembamba na refu, lililosimama likiegemea mgongo wa kiti cha nyuma kama kitabu kwenye rafu, akatafuta spika fupi ya kulitosha. Pembeni akapigilia mkanda wa kufunga mtungi usitingishike kwenye mashimo ya Tetu.

Bado kulikuwa na kelele. Kila besi iliposhuka, kifuniko cha buti kiliguna na namba ya gari ikapiga kama debe. Kwa kuwa mnong'ono haukusikika kwenye muziki, wawili hao walifanya kazi kwa mikono. Muchangi alipitisha kiganja juu ya bati polepole, kama anavyopapasa tumbo la ng'ombe mwenye mimba, na alipohisi mtetemo alionyesha kwa kidole. Theuri alikata vipande vya tyubu kuukuu ya tairi akavibandika hapo. Walizunguka gari hivyo mchana kutwa. Muchangi alisema baadaye kwamba tangu atoke hospitali hakuwa amepata siku nzuri namna ile, siku ambayo hakuna aliyemwomba arudie alichosema.

Siku ya kulichukua gari alimleta Wacera. Theuri alimketisha mbele, akaweka kaseti, kisha akampungia mkono yule jirani wa kuchomelea azime mashine yake.

Haikuwa kelele. Hata sauti haikupandishwa sana. Ubeti wa tatu ulikuja kutoka nyuma, ukapita ndani ya viti, ukawafikia mgongoni kabla ya masikioni. Wacera alishika dashibodi kwa mikono miwili.

"Ni wewe," alisema. "Baba Nyawira, ni wewe kabisa."

"Imba," alimnong'oneza.

Kaseti ikarudishwa. Wacera akaimba soprano yake pale pale kwenye kiti, na mumewe akaimba besi naye kutoka ndani ya lile boksi, midomo yake ikifuata kila neno.

Sasa nirudi kwetu sisi wa besi. Muchangi alipotuacha tuligundua kwamba hatujui tunachoimba. Tuliwafuata watu wa tenor kama ndama waliopotelewa na mama. Wacera alijaribu kutufundisha, lakini mwanamke wa soprano atashuka mpaka wapi? Jumamosi moja mvua ilikuwa ikipiga mabati ya kanisa hata hatusikiani. Muchangi alishuka garini, mwavuli mkononi, akatuita kwa kidole. Tulijibana ndani, mimi nikiwa nyuma katikati. Akabonyeza kaseti.

Nilikuwa nimesimama kando ya mtu huyu miaka mingi, na sikuwahi kuusikia mstari wa besi wazi namna ile, mwanzo mpaka mwisho. Uliniingia mgongoni. Alisimamisha kaseti, akageuka kutukabili, akagonga kifua chake.

"Msiimbe kwa shingo," alinong'ona. "Sikilizeni kiti."

Tulicheka mpaka vioo vikajaa ukungu. Lakini tulisikiliza kiti. Jumamosi baada ya Jumamosi gari lile lilikuwa darasa letu. Alituonyesha kwa kidole mahali pa kuvuta pumzi, akatukunjia uso tulipokimbiza wimbo, akafumba macho tulipopata. Na tulipokuwa tayari kurudi kanisani, alirudi nasi. Alisimama nyuma yetu, akatugusa mgongoni kila tulipotakiwa kuingia.

Jumapili ya shukrani mwaka huo Muchangi aliinua mkono kutaka kutoa ushuhuda. Kanisa lilijaa, na Theuri alikuwa amealikwa, amekaa upande wa wanaume akiwa amevaa koti la suti. Walipanda madhabahuni, Muchangi akanong'ona, Wacera akasema kwa sauti.

"Anasema anamshukuru Mungu kwa uhai." Tukaitikia amina. "Anamshukuru daktari wa Nairobi kwa mikono yake. Anawashukuru wafugaji kwa kumsogelea bila kuchoka. Anamshukuru Theuri, aliyevunja kazi nzuri akaifanya tena, ili yeye apate sauti na ng'ombe pia." Theuri aliangalia viatu vyake. "Anaishukuru besi, ati mmeanza kufanana na watu."

Kanisa likacheka. Muchangi alimwinamia mkewe tena, na safari hii alinong'ona kwa muda mrefu. Tulingoja. Wacera alitoa leso akafuta macho.

"Anasema nini?" mama mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Hayo mengine," Wacera akajibu, "ni yangu."

Alimshika mumewe mkono wakashuka pamoja, kisha akatuashiria sisi wanakwaya tusimame.