Nyasi za Noeli Kando ya Kiota

Umande bado mzito. Therese Mukashema anashuka bondeni Kimuli, mundu mkononi, sketi ameipandisha hadi magotini. Akifika penye matete anapunguza mwendo. Mbele yake, katikati ya nyasi ndefu, korongo mwenye kishungi ameatamia mayai.

"Ukimsogelea ataondoka, na asiporudi mayai yamekwisha," anasema kwa sauti ya chini.

Ni wiki ya Noeli, 1991. Miaka sita iliyopita hapa palikuwa mashimo matupu. Watu walichimba udongo wa matofali kando ya mto, ng'ombe wakamalizia kwa kwato, na kila masika maji yakaingia kwenye migomba. Kijiji kikatafuta kibarua wa kufukia mashimo na kupanda upya. Malipo yalikuwa mahindi, tena yakipatikana. Wengi walikataa. Mukashema, mjane ambaye wazazi wake walitoka Rwanda, alikubali.

"Sikuwa na shamba. Ningechagua kazi kwa jeuri gani?"

Alipanda miti ya misambya juu, matete chini, akawaachia wafugaji njia moja ya kunyweshea. Penye tambarare vijana hucheza mpira, na Jumapili kwaya hufanya mazoezi.

Lakini siku ya Noeli kila nyumba hapa hutandika nyasi mbichi sakafuni, na sasa nyasi nzuri kuliko zote ziko bondeni. Mwaka jana watu walifyeka mpaka kwenye kiota, korongo wakahama. Mukashema aliumia, akanyamaza. Mtoto wa wageni atawakatazaje wenyeji nyasi zao?

Mwaka huu amekwenda kwa bibi Kobugabe, ambaye wanawake wa kitongoji humsikiliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba mtu asishuke bondeni. Nyasi nitakata mimi, ng'ambo ya pili ya mto, niwaletee milangoni."

"Nyumba zote hizo, peke yako?"

"Peke yangu, mama."

"Haya. Nitawaambia."

Basi anakata, anafunga, anabeba kichwani, nyumba hadi nyumba. Mkesha wa Noeli, ng'ambo ya pili yamebaki mashina ya nyasi tu. Nyumba ambayo haijapata ni moja, yake. Nyasi zilizosalia ni zile zinazozunguka kiota. Anazitazama kidogo, anafuta mundu, anapanda kwenda nyumbani.

Kesho yake, akirudi nyumbani kutoka kanisani, anamkuta Kobugabe amepiga magoti ndani, anatandika. Nyasi bibi amezitoa kwenye sakafu ya nyumba yake mwenyewe.

"Usisimame mlangoni kama mgeni," bibi anamwambia. "Ingia tutandike."

Wakiwa wameinama, Mukashema anamweleza mpango wake: mwakani apande nyasi za Noeli kando ya uwanja wa mpira, kila mtu akate bila kukaribia kiota. Hajui kama kijiji kitamkubalia.

Kobugabe anasawazisha nyasi kwa kiganja.

"Tutapanda," anasema.