Eda ya Tasneem na Swichi ya Kliniki

Tasneem alikuwa mtu wa kompyuta katika kliniki moja ya Malindi. Kazi yake ya mwisho kabla mumewe Uweis hajafariki ilikuwa kuifunga swichi, lile sanduku linalounganisha kompyuta zote za jengo. Watu walizoea kuchomeka laptopu zao penye tundu lolote, kama wako sebuleni kwao. Sasa kila tundu lilitakiwa kuuliza: wewe nani? Jibu hutoka kwa seva, mashine yenye orodha ya wanaojulikana. Asiyejulikana hapiti.

Kisha Uweis akafa, na Tasneem akakaa eda nyumbani kwa mavyaa yake, mamake Uweis, huko Mambrui. Mjane hatoki mpaka eda ishe; hilo alilijua na hakulipinga. Alimpenda mumewe. Lakini mapenzi ni kitu kimoja, na kuta zile zile kila siku ni kitu kingine. Waliokuja kuhani walipopungua, alibaki na dirisha, ua, na mavyaa akitafuta miwani iliyo kichwani mwake. Kuna siku alitamani hata foleni ya benki.

Asubuhi moja Kitsao, karani wa kliniki, akapiga simu. Umeme ulikatika ukarudi, na sasa hakuna kompyuta inayopita. Majibu ya maabara yamekwama ndani ya mashine.

Tasneem alilijua kosa papo hapo, na lilikuwa lake. Alilifunga hata tundu la seva yenyewe. Kosa likalala mpaka swichi ilipowaka upya na kuiuliza seva, wewe nani? Wa kujibu ndiye aliyefungiwa nje, na mganga hajigangi.

Angeweza kumwelekeza Kitsao kwa simu. Badala yake akasema, "Hii lazima nije mwenyewe."

Aliona haya, na furaha ikamjaa vile vile. Mavyaa alifikiri kidogo. "Ikiwa ni dharura ya wagonjwa, nenda mwanangu. Lakini urudi mchana huu huu."

Tasneem alikuwa keshavaa baibui wakati dereva aliyetumwa kumchukua alipopiga simu. Gari limemharibikia karibu na daraja la Sabaki, na fundi hajafika.

Kitsao naye akapiga tena. Nyuma yake mwanamke alikuwa akiuliza damu ya mwanawe imesemaje, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuuliza mara nyingi.

Tasneem akaketi na baibui lake. "Kitsao, chukua ule waya wa buluu kwenye droo yangu. Chomeka laptopu yako kwenye swichi yenyewe."

Akamtajia neno la siri, kisha amri ya kulifungua tundu la seva, herufi moja moja. Kitsao akakosea, akafuta, akaandika upya.

"Imepita, dada. Majibu yanatoka. Kuna jengine?"

Lilikuwepo. Kazi ile haijahifadhiwa. Umeme ukikatika tena, swichi itasahau, kliniki itakwama, na safari hiyo gari litakuwa zima. Umeme wao nao haukuhitaji kuombewa dua ili ukatike. Tasneem akautazama mlango. Mavyaa alikuwa ameuacha wazi kwa ajili yake.

"Dada? Tumemaliza?"

"Bado," akasema. Akamtajia amri ya kuhifadhi, akangoja mpaka Kitsao akasema imekubali. Kisha akainuka, akaufunga mlango mwenyewe.