Nusu ya Kadi

Katika chumba cha kuhifadhia mizigo pale stendi ya mabasi, hakuna aliyewahi kumwibia Mama Mizigo hata soksi. Ukimpa begi anachukua kipande cha boksi anachokiita kadi, anakichana katikati kwa mkono, nusu anaifunga kwenye begi, nusu anakupa wewe. Ukirudi, nusu hizo zisipokutana mchano kwa mchano, hata ulie machozi ya damu begi hulioni. Anamshuku dereva, anamshuku mfagizi, na siku akikosa wa kumshuku anaikagua mizigo upya.

Mtu wa namna hiyo utamwambiaje kwamba unaitaka damu yake kila mwaka kwa nia njema tu?

Maabara ya hospitali kubwa ilikuwa imemchoma sindano miaka minane mfululizo. Walitafuta watu waliougua surua utotoni, waone mwili unaikumbuka kwa muda gani. Yeye aliugua akiwa na miaka minne, na sasa ana hamsini na sita. Mwanzoni alikubali kwa sababu ya chai na nauli. Lakini wenzake waliacha kwenda mmoja mmoja, yeye bado anaitwa, na hapo ndipo alipoanza kupata wasiwasi. Tangu lini damu ya mtu mzima ikapendwa hivi? Ama wanaiuza, ama wameona ugonjwa na wanamficha.

Mwaka wa tisa akawatega. Mdogo wake, mpishi wa kantini ya shule, anafanana naye kama shilingi kwa ya pili, na maabara ilikuwa imepata mpimaji mpya.

"Nenda wewe," alimwambia, akimpa kadi yake ya kliniki. "Wakisema majibu ni yaleyale ya kila mwaka, basi hawapimi kitu, wanatuchezea."

"Dada, wewe ipo siku utajishuku mwenyewe." Lakini alienda. Tangu utotoni hajawahi kumshinda dada yake kwa ubishi.

Wiki tatu baadaye mpimaji alipiga simu: aje, tena upesi. Asubuhi hiyohiyo mdogo wake alikuwa anafunga begi. Mjukuu wake wa miezi saba, katika mji mwingine, alikuwa ameshikwa na surua, na binti yake alimwita akamsaidie kuuguza. Hakuna aliyeona hatari. Mama yao amesema miaka yote, "Surua? Wanangu waliugua wote wawili." Mama Mizigo mwenyewe anakumbuka shuka moja, na kando yake mguu mdogo wa mtoto, wa moto kama pasi.

"Mama, damu ya safari hii si yako," mpimaji alisema hata kabla hajaketi.

Mama Mizigo alijibu kwa swali. "Nani kakuambia?"

"Damu yenyewe. Ugonjwa ukiingia mara ya kwanza, mwili unahangaika siku nyingi kutafuta chembe zinazouweza. Ukishapona, nyingi ya hizo zinakufa, chache zinabaki kuwa kumbukumbu. Zako tumezifuata miaka minane. Hazijaisha. Tukizionyesha kipande cha kirusi cha surua zinaamka haraka, zinazaana, zinatengeneza kinga. Ndiyo maana hatukuachi."

"Zinakitambuaje, na hapa katikati imepita miaka hamsini?"

"Zina umbo linaloshikana na alama yake. Alama nyingine hazishiki."

Hilo alilielewa kuliko mpimaji alivyodhani. Miaka hamsini, na nusu ya kadi bado iko ndani.

"Na hii mliyoletewa?"

"Hii haikushika kitu. Tumerudia mara tatu. Mwenye damu hii hajawahi kuugua surua wala kuchanjwa. Akiipata kwa umri huu inaweza kumuua. Ni nani?"

"Mashine zenu mbovu!" Alisimama. "Huyo tulilala naye shuka moja!"

Hata hivyo hakwenda stendi. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, na njia nzima alikuwa na hasira, maana kati ya mashine na mzazi wake kulikuwa na mmoja mwongo, na alishaanza kumjua.

Mama alikuwa jikoni anamenya viazi.

"Mama, nilipougua surua, nililala na nani?"

"Na mdogo wako. Swali gani hilo?"

"Mdogo wangu yupi?"

Kisu kilisimama. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, ila huyu alikuwa amekificha hata kilio chenyewe.

"Alikuwa na miaka miwili," mama alisema. "Wewe ulipona. Huyu wa sasa alikuwa bado tumboni. Watu waliponiuliza nikawajibu, wanangu waliugua wote wawili. Sikusema uongo."

"Mbona simkumbuki?"

"Ulimuulizia kila siku, mwanangu. Sikuweza. Nikakuambia kaenda safari, atarudi. Alipozaliwa huyu, ukaacha kuuliza."

Mama Mizigo aliona aibu isiyo na mahali pa kuiweka. Yeye asiyempa mtu begi bila kulinganisha nusu mbili, alikuwa amepokea mtoto mwingine na asitazame.

"Alikuwa anaitwa nani?"

Mama akalitaja jina, taratibu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka hamsini na mbili.

Stendi alimkuta mdogo wake mguu mmoja uko ndani ya basi. Alimvuta kwa kitenge, akamnyang'anya tiketi. "Nenda hospitali ukachanjwe leo. Na kwa huyo mtoto usikanyage mpaka apone. Naenda mimi, mimi surua hainishiki." Kisha akafungua fundo la kanga na kumpa funguo za chumba cha mizigo, kitu ambacho hakuwahi kumpa binadamu. "Usimwamini mtu," alimwagiza.

Kwa mjukuu alifika saa tisa alasiri. Mtoto alikuwa amejaa vipele, macho mekundu, analia bila sauti. Mama Mizigo akajilaza kando yake. Mguu mdogo, wa moto, ukamgusa ubavuni, akaushika. Siku ya nne homa iliposhuka alikuwa bado ameushika, na binti wa mdogo wake alimsikia akimwita mtoto kwa jina ambalo si lake.