Kabati la Mama, Nyumba ya Nyoka

Kaka yangu anaogopa nyoka. Naanza na hilo, kwa sababu nikianza kwa kusema kwamba napenda wanyama, kama ninavyowaambia wateja dukani, nitakuwa nimeanza na uongo.

Alipokuwa na miaka kumi na mmoja alikanyaga kifutu akichunga mbuzi wa baba, na mimi ndiye niliyekimbia shambani kumwita baba. Mguu ulivimba ukawa kama gogo. Alilazwa hospitali wiki nyingi. Mpaka leo ana kovu juu ya kisigino, pamebonyea kama pamechotwa kwa kijiko, na hata akivaa kandambili huvaa na soksi ili watu wasilione. Nilijua yote hayo siku niliyoleta nyoka ndani ya nyumba tunayoishi wote wawili.

Nyumba yenyewe ni ya baba, iko Bagara, hapa Babati. Alipofariki alituachia mimi na kaka bila kusema nani achukue upande upi. Kaka na mke wake wakachukua vyumba vitatu. Mimi, niliyekuwa nimerudi kutoka kwenye ndoa na begi moja, nikabaki na chumba kimoja na stoo. Sebule ikawa ya wote. Siku ya kumaliza matanga, kaka alisimama mbele ya wajomba akasema, "Mwanamke aliyerudi kwao hana ukuta wake. Anakaa kwa hisani." Wajomba waliangalia vikombe vyao vya chai. Tangu siku hiyo tuliongea mambo mawili tu: maji na geti.

Nafanya kazi kwenye duka la pembejeo na dawa za mifugo, si mbali na soko. Asubuhi moja aliingia mzee kutoka Nangara, amebeba dumu la lita tano lililozibwa mdomo kwa kitambaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nataka dawa ya kuua hawa. Nimekuja na mmoja uone ni wa aina gani."

Niliinua dumu kwenye mwanga. Ndani alikuwapo nyoka wa kahawia, mwembamba kama kidole gumba, na kila upande wa kichwa alikuwa na mistari miwili hafifu inayopita karibu na jicho. Nilimfahamu. Wako wengi kwenye maghala ya mahindi huku kwetu, na watu huwaua wote.

"Huyu hana sumu, baba. Anakula panya. Mwache ghalani, atakusaidia."

"Binti, nyoka ni nyoka. Kama huna dawa nitamwagia mafuta ya taa."

"Basi niachie mimi."

Alinitazama kama mtu anayetazama mlevi kanisani, akaliacha dumu juu ya kaunta, akaondoka bila kuaga.

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia yule nyoka. Nilimhurumia, ndiyo, kidogo. Lakini nilipolishika lile dumu, kitu cha kwanza nilichokiona moyoni kilikuwa uso wa kaka.

Nyoka si kuku, huwezi kumfuga kwa kujiamulia tu. Nilikwenda kuuliza kwa watu wa wanyamapori, nikaelezwa taratibu za kibali, nikazifuata zote. Karatasi ilipotoka niliibandika kwenye mlango wa chumba changu, upande wa nje, mahali ambapo kaka hawezi kupita bila kuisoma. Alisoma. Nilimsikia akisimama pale muda mrefu. Kisha akaenda kujifungia chumbani kwake.

Siku zile nyoka alikuwa anaishi kwenye ndoo niliyotoboa kifuniko. Mimi nimesoma chuo cha mifugo. Ukiniuliza banda la nguruwe au la kuku wa mayai nitakuchorea hapa hapa mchangani. Nyumba ya nyoka sikufundishwa na mtu. Nilisoma kwenye simu, nikaona kwamba ndoo ile ilikuwa jela. Nyoka anatakiwa apate urefu wa kujinyoosha. Upande mmoja wa nyumba yake uwe na joto na mwingine uwe na ubaridi, ili achague mwenyewe. Awe na mahali pa kujificha huku na huku, bakuli zito la maji asiloweza kulipindua, na pasiwe na mwanya hata wa kupitisha penseli.

Hapo ndipo nilipolikumbuka kabati la mama.

Lilikuwa kabati la vyombo, la mninga, lenye milango ya vioo. Mama alipokuwa hai lilikaa sebuleni na vikombe vyake vya wageni. Baada yake, wifi alileta kabati jipya na lile la zamani likatupwa barazani nyuma. Kuku walikuwa wanatagia ndani yake. Miaka mitatu hakuna aliyelitaka, mpaka asubuhi niliyoanza kulifuta kinyesi.

"Unalipeleka wapi?" kaka aliuliza kutoka mlango wa jikoni.

"Kwa fundi."

"La kazi gani?"

"La nyoka."

"Kabati la mama utalaza nyoka?"

"Mlilaza kuku."

"Wewe," alisema, "una roho mbaya. Hata huyo mwanamume aliyekuoa aliona."

Nilimwita mwenye guta, tukalipakia.

Fundi seremala alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyekuwa ametengeneza jeneza la baba. Nilimweleza kila kitu ninachotaka, ila sikumwambia cha nani. Alipima, akaandika kwenye kipande cha mbao kwa penseli ya sikioni.

"Vioo viteleze kwenye mifereji, nimekuelewa. Matundu ya hewa juu upande huu, chini upande ule, yawekewe wavu. Balbu ndani, nayo izungushiwe wavu. Dada, hawa ni vifaranga?"

"Ni nyoka."

Penseli ilisimama. Alirudi hatua moja nyuma kutoka kwenye kabati, kana kwamba nyoka alikuwa tayari ndani.

"Hapa kwangu usimlete."

"Simleti. Nataka nyumba yake tu."

"Watu wakijua nimetengeneza nyumba ya nyoka, nani ataniletea kitanda cha maharusi?"

"Mwambie anayeuliza ni banda la vifaranga."

Alifikiri, akainua randa. Kazi aliifanya, na aliifanya vizuri kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mtu anayeogopa haachi mwanya. Alipitisha kidole kwenye kila kona. Tundu la waya wa umeme alilitengeneza dogo, kisha akalizungushia mpira ili hata mende asipenye. Akaweka na kufuli dogo kwenye vioo. Nilipokuja kulichukua alinipa mfuko wa maranda ya kutandika ndani, nikayanusa. Yalikuwa ya mti wenye harufu kali, ambayo nilisoma kwamba humdhuru nyoka. Nilikataa. Alikasirika, akasema nyoka wangu ana hadhi kuliko watu. Nikatandika magazeti ya zamani.

Nilinunua kipimajoto cha vifaranga dukani kwetu. Nikatafuta vigae viwili vya chungu kilichovunjika, kimoja huku kimoja kule, na bakuli la udongo. Nyumba ilikuwa tayari. Ilibaki kuamua ikae wapi.

Chumbani kwangu palikuwa na nafasi. Nalisema hili wazi. Ningesogeza kitanda, lingeingia. Lakini nililiweka sebuleni, mahali pake pa zamani, likitazamana na kiti anachokalia kaka kuangalia taarifa ya habari.

Jioni ile aliingia, akaona, akasimama katikati ya sebule. Nyoka alikuwa ametoa kichwa chini ya kigae. Kaka jasho lilimtoka juu ya mdomo, na ule mguu wake ulianza kutetemeka, mguu mmoja tu. Wifi alimshika mkono.

"Mtoe," wifi aliniambia.

"Sebule ni ya wote."

"Mtoe, nakuomba."

"Na mimi nani aliniombea, siku ya matanga?"

Kaka alitoka nje. Nilikaa kwenye kiti chake. Nilidhani nitafurahi, na kweli nilifurahi, kama nusu saa hivi.

Baada ya hapo hakukaa tena sebuleni, ila alipata silaha yake. Swichi kubwa ya umeme iko ukutani upande wao. Kila asubuhi nikishatoka kwenda dukani, aliizima. Nikirudi jioni nakuta balbu imepoa na nyoka amejikunja kama fundo, hasogei. Ilikuwa mwezi wa saba, na Babati mwezi wa saba inajulikana. Upepo unatoka ziwani mpaka saa nne asubuhi watu bado wamevaa makoti. Kipimajoto kilisoma baridi pande zote mbili. Nyoka aliacha kula. Nilimwekea panya, akalala naye bila kumgusa, nikamtoa.

"Unazima umeme," nilimwambia kaka getini.

"Naokoa umeme wa nyumba yangu."

"Nyumba yetu."

"Basi na swichi ni yetu."

Nikaona nimpige chenga. Sebule ina dirisha moja kubwa, linalopata jua kuanzia saa tano. Asubuhi moja, kabla ya kwenda kazini, nililisukuma kabati mpaka chini ya dirisha, vioo vikitazama nje. Nikasema moyoni, zima sasa na jua kama unaweza. Nikafunga kufuli, ufunguo nikatia kwenye pochi, nikaenda zangu.

Siku ile mawingu yalitawanyika mapema. Jua liliwaka kama la mwezi wa kumi. Mimi nilikuwa dukani nahudumia wafugaji waliokuja na lori kutoka Simanjiro kununua dawa ya kuogeshea, foleni mpaka barazani, na sikuwaza nyoka hata mara moja.

Nilirudi saa tisa. Wifi alikuwa amekaa sebuleni, peke yake, kwenye kiti cha mumewe. Pazia la dirisha lilikuwa limefungwa, na juu ya kabati palikuwa na khanga mbili zilizoloweshwa, zinadondosha maji sakafuni.

"Alikuwa anagonga kioo," alisema. Hakuniangalia. "Anagonga kwa kichwa, mdomo wazi. Nimekupigia simu mara nne."

Nilifungua kufuli. Kipimajoto upande wa dirisha bado kilisoma joto kubwa kuliko la kulelea vifaranga. Nyoka alikuwa amejibana kwenye kona ya mbali, ndani ya bakuli la maji, ameingia humo mwili mzima. Nilimgusa. Alisogea. Hapo nilikaa chini.

"Asante, wifi."

"Usinishukuru. Sijamhurumia. Jua lilikuwa linaharibu kochi langu." Akasimama, akakamua khanga zake moja baada ya nyingine. "Mwenzio anamtesa kwa baridi, wewe unamchoma kwa jua. Nyote mnajua kinachogombaniwa, na si huyo nyoka. Mngekuwa na haya."

Nilikuwa na la kumjibu, kali, lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nililimeza. Maji ya khanga yalikuwa yamefika kwenye miguu yangu, na kiumbe nilichokuwa nakiita changu kilikuwa kinavuta pumzi kwa shida kwa sababu nilitaka kumkomoa mtu.

Sitasema tulipatana. Wiki iliyofuata kaka alishusha matofali uani. Alimleta fundi mwashi, wakajenga ukuta katikati ya sebule kuanzia sakafu hadi dari, kwa siku mbili, bila kuniuliza. Yeye alibaki na dirisha kubwa na kiti chake. Mimi nilipata kipande chenye giza, chenye mlango wa kutokea uani na soketi moja. Fundi alipomaliza upande wangu aliuliza kama apige lipu. Kaka alisema kutoka ng'ambo, kwa sauti ya kusikika, "Upande ule mwenyewe atajua."

Niliita fundi wa umeme, akanitengea mita yangu. Kisha, kwa mara ya kwanza, nikalipanga lile kabati kwa ajili ya anayeishi ndani. Nililiweka kwenye ukuta wa ndani, mbali na jua na mbali na upepo wa mlango. Balbu ndogo kushoto. Nilikaa nalo Jumapili nzima, nasogeza kigae, nasubiri, nasoma kipimajoto, nasogeza tena, mpaka kushoto pakawa na joto la kutosha na kulia pakawa pa kupumzikia. Siku ya nne alitoka chini ya kigae cha kulia, akapita taratibu kwenye magazeti, akajikunja upande wa balbu. Alichagua mwenyewe. Siku ya tisa alikula.

Ukuta haujapigwa lipu mpaka leo. Kaka hanisalimii, nami simsalimii. Tukikutana getini kila mmoja anatazama kufuli. Nikisikia soksi zake zikiburuzika sakafuni ng'ambo ya matofali, najua nilichomfanyia, na yeye, nadhani, anajua alichonifanyia. Hakuna aliyeomba radhi, na sidhani kama ataomba.

Ila kila asubuhi wifi akifagia upande wake hugonga ukuta kwa mpini wa ufagio.

"Yupo?" anauliza.

Naangalia ndani ya kioo kwanza, kisha naangalia kufuli.

"Yupo."

Anaendelea kufagia.